Uzi: Kupiga taimulapsi kwa droni Dar es Salaam, na jinsi jioni nzima inavyoenea katika betri moja

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nimekuwa nikipiga taimulapsi kwa droni hapa jijini kwa miaka minne. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu maswali mengi yanayoulizwa humu yanahusu droni ipi inunuliwe, ilhali swali ambalo jibu lake lilibadilisha kazi yangu ni jingine kabisa: ni jambo gani hapa Dar es Salaam linaloanza na kuisha katika muda ambao betri moja inaweza kuiweka droni hewani?

Kwa ambao hawajawahi kupiga, taimulapsi ni mfululizo wa picha za mnato zinazopigwa kwa nafasi sawa, kisha zikaunganishwa na kuchezwa kama video, kwa kawaida picha 25 kwa sekunde. Ukipiga picha moja kila baada ya sekunde mbili, dakika nzima uliyoishuhudia kwa macho yako inapita kwa muda mfupi tu unaozidi sekunde moja kidogo. Aliyefunga kamera kwenye stendi juu ya paa la ghorofa anaweza kuiacha hapo tangu asubuhi hadi usiku, akaenda kula, akarudi. Mwenye droni hana nafasi hiyo. Yangu ni Mavic 2 Pro iliyotoka mwaka 2018, ambayo watengenezaji wake wanasema huruka dakika 31 mahali pasipo na upepo. Ukitoa dakika za kupanda na kupanga fremu, dakika za kurudi, na akiba ya betri ambayo mtu mwenye kuthamini chombo chake haigusi, zinabaki dakika 20 hadi 22 za kupiga. Basi kila kitu kinaamuliwa na dakika hizo.

Nilipoanza sikulielewa jambo hili. Nilipandisha droni saa tisa alasiri juu ya barabara, nikapiga mawingu na magari, nikashuka, na video iliyotoka ilikuwa ya magari yanayokimbia tu. Ya mwanzo na ya mwisho yalikuwa yaleyale, mwanga uleule, hakuna kilichotokea. Ungeweza kuikata popote na mtazamaji asingejua kwamba kuna kilichopungua.

Kisha nikaanza kuangalia machweo, na hapa ndipo mahali tunapoishi panapotupa zawadi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na katika latitudo hii jua hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho badala ya kuteleza kwa mshazari. Kutoka jua linapozama hadi linapofika nyuzi sita chini ya upeo, yaani kile kipindi ambacho bado unaweza kusoma gazeti nje bila taa, hapa kwetu ni takriban dakika 22. London mwishoni mwa Juni kipindi hichohicho huchukua zaidi ya dakika 40, na mpigapicha wa kule akitaka kuonyesha mchana ukigeuka usiku hana budi kubadilisha betri katikati na kuihangaikia picha irudi mahali pake. Sisi jioni yetu yote, kuanzia anga la rangi ya chungwa hadi taa za barabarani zinapotawala, inaenea katika betri moja bila kubakiza na bila kupunguka. Nilipolitambua hilo niliacha kutafuta kingine kwa muda mrefu.

Nieleze jioni moja niliyoipiga Kimara, kwa sababu nadhani mfano mmoja ulioelezwa vizuri unasaidia kuliko kanuni kumi.

Barabara ya Morogoro pale Kimara inapanda kuelekea magharibi, upande wa Mbezi, na jua linazama upande huohuo. Kamera ikiangalia magharibi, magari yanayorudi nyumbani yanakuwa kushoto yakionyesha taa nyekundu za nyuma, na yanayokwenda mjini yanakuwa kulia yakija na taa nyeupe. Mtu haambiwi kitu, lakini anaona mara moja kwamba jiji linarudi nyumbani. Siku hiyo nilikuwa na kibali, nilikuwa na mwenzangu wa kuiangalia droni kwa macho wakati mimi naangalia kioo cha rimoti, na niliruka kutoka kwenye uwanja wa mtu aliyeniruhusu, kando ya barabara na si juu yake. Kuna msikiti karibu na pale, na nimejizoesha kuitumia adhana ya magharibi kama saa yangu, maana huadhiniwa mara tu jua linapozama. Nikisikia adhana, droni inapaswa kuwa imekwisha kutulia mahali pake na picha ya kwanza imepigwa.

Sasa tuje kwenye mwanga, ambako ndiko jioni nyingi zinakoharibikia. Kutoka machweo hadi mwisho wa zile dakika 22, anga likiwa safi, mwanga hupungua kwa zaidi ya mara mia moja, ambayo kwa lugha ya kamera ni karibu hatua saba, kila hatua ikiwa ni nusu ya iliyotangulia. Ukiiacha kamera ijipangie yenyewe, itafuata mwanga huo kwa kurukaruka: lori lenye taa kali likipita inapunguza, likitoka inaongeza, na video yako itakuwa ikipepesa kama balbu inayotaka kuungua. Kwa hiyo ninapanga mwenyewe kila kitu. Apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ninaiweka kwenye f/8 na siigusi tena. Ninaanza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 100. Kadiri giza linavyoingia ninairefusha shata kidogo kidogo hadi nusu sekunde, na hizo ni hatua tano. Hatua mbili zilizobaki ninazipata kwa kupandisha ISO kutoka 100 hadi 400. Nusu sekunde ndiyo mpaka wangu, kwa sababu zaidi ya hapo hata upepo mdogo huonekana kwenye picha.

Hatua saba ni thuluthi ishirini na moja, na gurudumu la rimoti husogea kwa thuluthi. Maana yake ni kwamba unageuza mara moja kila baada ya takriban dakika moja. Lakini giza haliingii kwa mwendo sawa. Mwanzoni linakuja polepole, na baada ya dakika kumi hivi linakuja kwa haraka, kwa hiyo ninaangalia grafu ya mwanga kwenye kioo na siifuati saa kibubusa. Zile tofauti ndogo za mwanga zinazobaki kati ya picha na picha husawazishwa baadaye kwenye kompyuta, na programu ya LRTimelapse imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Rangi nayo ifungwe. Weka mizani ya weupe, yaani namna kamera inavyosoma rangi ya mwanga, kwenye namba moja, mimi hutumia kelvini 5200, na iache hapo hadi mwisho. Mizani ya kujipanga yenyewe huona machweo kama kosa na huanza kuyasahihisha, na matokeo yake ni kwamba rangi ya chungwa uliyoifuata Kimara inageuka kuwa kijivu katikati ya video.

Kuhusu nafasi kati ya picha na picha, droni yangu inaruhusu sekunde mbili kwa picha za JPEG lakini si chini ya sekunde tano kwa picha ghafi, yaani RAW. Hesabu yake ni hii: dakika 22 kwa sekunde mbili ni picha 660, ambazo ni sekunde 26 za video. Dakika hizohizo kwa sekunde tano ni picha 264, ambazo ni sekunde kumi na nusu. Ninachagua picha ghafi bila kusita. Kwenye machweo kuna anga linalong'aa na ardhi iliyokwisha kuwa nyeusi katika fremu moja, na JPEG hutupa habari za sehemu zote mbili kabla hujaifungua. Isitoshe, sekunde kumi ambazo kila moja ina rangi yake ni nyingi kuliko zinavyosikika.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mdau wa Tabata

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye maelezo. Lakini naomba kuuliza jambo ambalo pengine wengi wanalifikiria. Droni hizi zina hali ya haipalapsi, yaani taimulapsi inayopigwa droni ikiwa inasogea, ambayo inapiga, inaunganisha na kukupa video iliyokamilika ukiwa bado uwanjani. Kwa nini mtu ajitese kugeuza gurudumu kila dakika na kukaa usiku kwenye kompyuta, wakati chombo kinaweza kumfanyia?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitaki nionekane ninaidharau hali hiyo, kwa sababu ninaitumia. Ilipokuja na Mavic 2 mwaka 2018 ilileta njia nne: ya kuruka kwa uhuru, ya kuzunguka kitu, ya kushika mwelekeo mmoja, na ya kupita vituo ulivyoviweka. Ya mwisho ina manufaa makubwa, maana droni inakumbuka mahali na pembe ya kamera kuliko mkono wa binadamu unavyoweza.

Tatizo ni mambo mawili. La kwanza, video inayounganishwa ndani ya droni ile ni ya 1080p, yaani upana wa pikseli 1920, wakati picha zenyewe zina upana wa pikseli 5472. Video ya 4K inahitaji pikseli 3840 tu, kwa hiyo picha asili zinakuachia zaidi ya pikseli 1600 za upana, na hizo ndizo utakazotumia kutuliza mtikisiko bila kupoteza ubora. Basi ukiitumia hali hiyo, ingia kwenye mipangilio na uiambie ihifadhi picha asili, kisha video yake uione kama rasimu ya kukuonyesha kama fremu ilikaa vizuri.

La pili ni la mtazamo, na hapa ninaweza kutofautiana na wengi. Hali hiyo inamshawishi mtu aisogeze droni hata pale ambapo hakuna sababu. Nimeona video nyingi za kuzunguka jengo refu la katikati ya jiji, na ndani yake huwezi kujua kama ni asubuhi au jioni, kwa sababu jicho limeshughulishwa na kuzunguka kwenyewe. Pale ambapo jambo unalolipiga lina mwendo wake, kama giza linaloingia au foleni inayojikunjua, droni iliyotulia inalipa nafasi. Nikisogeza, ninasogeza kidogo sana, tuseme mita thelathini kwa dakika zote 22, na kwa kwenda mbele tu.

Mdau wa Kigamboni

Habari zenu wakuu. Mimi naishi upande wa baharini na ndoto yangu ni kupiga maji yakijaa, kuanzia mchanga ukiwa mtupu na ngalawa zikiwa zimelala ubavu hadi zinapoelea. Lakini kwa hesabu ya mleta uzi naona jambo hili halitawezekana, kwa sababu maji hujaa kwa zaidi ya saa sita na betri ni dakika 22. Je, niachane nalo?

Mleta uzi

Usiachane nalo hata kidogo. Wazo la ngalawa zinazoamka ni zuri mno, na nimelifikiria tangu jana niliposoma ujumbe wako.

Kujaa kote kutoka mwanzo hadi mwisho ni kazi ya kamera iliyo kwenye stendi, na ningekushauri utafute paa au mnazi wa kuifunga. Lakini maji hayajai kwa mwendo mmoja. Wavuvi wa hapo kwako wanalijua hili bila kitabu, na mabaharia wana kanuni ya kulikadiria: gawanya kina chote cha kujaa katika sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano mbili, na ya sita moja. Kwa hiyo katikati ndiko maji yanakokimbia.

Chukua siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa kwenye pwani yetu hufikia mita tatu na zaidi. Sehemu tatu kati ya kumi na mbili za mita tatu ni sentimita 75 kwa saa moja, yaani sentimita 25 kwa dakika 20. Sentimita 25 kwenda juu si kitu. Lakini ufuo wa mchanga haupandi wima. Kama umeinama kwa sentimita moja kila nusu mita, sentimita 25 za kina zinayapeleka maji mita kumi na mbili na nusu ndani ya ufuo. Kutoka juu, kamera ikiangalia chini moja kwa moja, huo ni utepe mpana wa mchanga unaofunikwa mbele ya macho ya mtazamaji, na ngalawa moja au mbili zinazoanza kuyumba. Hilo linaenea katika betri moja.

Siku za bamvua hapa kwetu maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kwa hiyo saa ya tatu na ya nne ya kujaa zinaangukia kati ya saa sita na saa nane mchana. Jua la utosini si zuri kwa sura za watu, lakini kwa kazi yako ni jema, kwa sababu linapenya majini na kuonyesha rangi ya mchanga ulio chini. Angalia jedwali la maji la siku yenyewe kabla ya kupanga, maana saa husogea kila siku.

Kwa mwanga wa mchana utahitaji filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kuvalisha lenzi ili kupunguza mwanga. Ya ND64 hupunguza hatua sita, hivyo shata ya 1/125 inakuwa nusu sekunde, na mawimbi madogo yanalainika badala ya kurukaruka. Jioni mimi siiweki, kwa sababu ukishaipandisha droni na filta hutaweza kuivua giza linapoingia.

Na ukishashuka, ifute droni yote kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, hasa mota. Chumvi ya bahari haionekani, lakini imo hewani, na inakula vyuma polepole.

Mdau wa Sinza

Wakuu, naona tunazungumzia fremu na rangi, lakini kuhusu sheria mleta uzi amegusa tu neno kibali. Naomba lisemwe wazi, kwa sababu kuna vijana wanasoma humu na kesho watarusha.

Mleta uzi

Umefanya vizuri kukumbusha. Urushaji wa droni nchini uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kuna kanuni mahususi za vyombo hivi za mwaka 2018. Chombo husajiliwa na safari huombewa kibali, na idhini ya wizara inayohusika na ulinzi nayo huhitajika. Ombeni mapema, na hakikisheni kibali kimetaja eneo na saa mtakazokuwa hewani, maana kazi ya machweo huishia gizani.

Kuna maeneo ambayo msiyafikirie kabisa hata kama picha yake ni nzuri namna gani. Upande wa Kipawa, Kiwalani, Vingunguti na Tazara ndege zinashuka na kupaa kila wakati. Eneo la Magogoni lina Ikulu. Bandari na kambi za jeshi zinajulikana. Mimi mwenyewe niliwahi kuzuiwa na walinzi wa jengo moja kwa saa nzima kwa sababu kibali changu kilitaja kata ya jirani, na ingawa niliudhika kwa kuwa nilipoteza jioni ya mawingu mazuri, karatasi ndiyo iliyokuwa na kosa na walinzi walifanya kazi yao.

Mdau wa Mbagala

Shikamoo kaka mleta uzi. Mimi ni mwanafunzi na droni ninayotumia ni ndogo, ya gramu 249. Nikipiga picha kwa muda mrefu upepo unaiyumbisha na picha zinaruka. Pia nilishambuliwa na kunguru mara mbili. Je, kuna dawa?

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na upepo.

Droni inayotumia GPS haibaki kwenye nukta moja. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba inaweza kusogea hadi mita moja na nusu kwa upande na nusu mita kwa juu na chini, na gimbali, yaani kile kishikio kinachoituliza kamera, haiwezi kurekebisha hilo kwa sababu inazuia kuinama kwa kamera tu, haizuii droni nzima kuhama. Dawa ni umbali. Kama kitu kilicho karibu zaidi ndani ya fremu kiko mita kumi, mita moja ya kuyumba inakifanya kiruke kama kimepigwa teke. Kama kiko mita 150, mruko uleule ni mdogo kiasi kwamba programu ya kutuliza inaufuta. Kwa hiyo usiweke tawi la mwembe pembeni mwa fremu kwa ajili ya urembo. Kwenye picha moja linapendeza, kwenye picha 264 linakuwa adui.

Msimu nao unahesabika. Kusi cha Juni hadi Agosti ni kikali, na droni nyepesi hutumia betri yake kupigana nacho. Majira ya tangambili, pepo zinapobadilishana, hewa huwa tulivu zaidi, ijapokuwa masika nayo iko mlangoni. Ndani ya siku moja, ule upepo wa alasiri kutoka baharini hulegea jua linapozama, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda jioni. Usiurefushe muda wa shata kama wangu. Kwa droni ya gramu 249 ningeishia robo sekunde na kupandisha ISO hatua moja zaidi.

Kunguru ninawajua. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, na ni ndege wenye akili na wivu wa eneo lao. Jioni moja nilikuwa nimetulia hewani, nikasikia sauti yao kabla sijawaona. Walikuwa wawili, kisha wakawa saba. Mmoja alikuja kutoka juu, akapita mbele ya kamera kwa karibu kiasi kwamba kwenye picha bawa lake lilijaza theluthi ya fremu, kila unyoya ukihesabika, na kwenye picha iliyofuata upeo wa macho ulikuwa umelala. Mwenzangu alipiga kelele nipande. Nilipandisha wima kwa kasi yote, wakanifuata kidogo, kisha wakaacha. Jambo ambalo usifanye ni kukimbia kwa upande au kushuka, kwa sababu ndege anayeshambulia anapendelea kuwa juu yako. Tangu siku hiyo sitangulii kupanda mapema. Kunguru hurudi kwenye miti yao ya kulala kwa makundi makubwa kabla jua halijazama, na ukisubiri dakika chache kabla ya adhana wengi huwa wamekwisha kutua. Tazama pia miti iliyo karibu kabla ya kuchagua mahali pa kurukia. Ukiona mvule au mwembe mkubwa umejaa weupe wa mavi yao chini, tafuta pengine.

Mdau wa Mwenge

Mleta uzi, nimefuata maelekezo yako wiki hii, kwa kibali, na nimepata picha 251. Anga limetoka vizuri kuliko chochote nilichowahi kupiga. Lakini kuna matatizo mawili. Pembezoni mwa picha za mwisho kuna wekundu ambao sikuuona angani. Na ingawa nilipanga kila kitu kwa mkono, baada ya kupitisha kwenye programu ya kusawazisha mwanga, video inapepesa zaidi kuliko kabla ya kuisawazisha. Barabarani kuna ubao mkubwa wa matangazo wa taa, kama hilo linahusika.

Mleta uzi

Hongera sana kwa jioni hiyo, na hilo la ubao ndilo lenyewe.

Wekundu wa pembezoni unatoka kwenye taa za mbele za droni yako. Shata ikiwa fupi hazionekani, lakini ikifika robo sekunde mwanga wake unaingia kwenye lenzi kwa pembeni. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima taa za mbele wakati wa kupiga, na za nyuma zinabaki zikiwaka ili mwenzako aendelee kukiona chombo.

Kuhusu kupepesa, programu ya kusawazisha hupima wastani wa mwanga wa kila picha na kuulinganisha na wa jirani zake. Ubao wako ukibadilisha tangazo kutoka jeupe kwenda jeusi, wastani wa picha nzima unashuka ingawa anga halijabadilika, na programu, kwa nia njema, inaing'arisha picha yote ili kufidia. Tangazo jeupe likirudi, inaitia giza. Kwa hiyo kinachopepesa kwenye video yako ni anga likilipia makosa ya ubao.

Fungua tena mradi uleule, usizitupe picha. Katika LRTimelapse chora mstatili wa kupimia juu ya kipande cha anga kisicho na taa, mawingu yanayokimbia wala waya, mahali ambapo pamekuwa anga tangu picha ya kwanza hadi ya 251, kisha uiamuru isawazishe kwa kuangalia hapo tu. Ubao utaendelea kubadilika kama ulivyokuwa ukibadilika pale Mwenge, na anga litashuka taratibu. Ukimaliza tuwekee humu tuione.